Alidanganya Jina, Akadanganya Umri, Lakini Hamonika Yake Haikudanganya: Story ya Sonny Boy Williamson

Kama unadhani wasanii walianza juzi kuibiana majina, tulia kwanza. Kuna mzae mmoja wa Mississippi, Marekani, alifanya hiyo maneno mwaka wa 1941. Aliifanya hewani kwa redio, saa ya lunch, na hakuna mtu alimshika.

Mzae mwenyewe ni Sonny Boy Williamson. Wasomi wa muziki humwita Sonny Boy wa Pili, na ukifika mwisho wa hii story utajua wa Kwanza alikuwa nani na yalimpata yapi. Huyu wa Pili alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye meno ya kuhesabika na maneno mengi. Alipenda chupa. Ukimuuliza alizaliwa lini, jibu lilitegemea siku umemuuliza.

Lakini akiweka hamonika mdomoni, uongo wote uliisha. Na kuna ngoma yake moja, Help Me ya 1963, ambayo mpaka leo ukitaka kujifunza blues ya huzuni kwa hamonika, utapelekwa huko kwanza. Leo nakupa maisha ya huyu msee, halafu nikuonyeshe ni nini hasa alikuwa akifanya na hicho kinanda kidogo cha mfukoni.

MTOTO WA PAMBA ASIYE NA BIRTHDAY

Alizaliwa Tallahatchie County, Mississippi, kwa familia iliyolima pamba kwenye shamba la mwenyewe. Jina la kuzaliwa ni Aleck Ford. Baadaye akachukua Miller, jina la baba wa kambo, na tangu utotoni watu walimwita Rice, yaani mchele.

Mwaka? Hapo ndo kazi iko. Yeye mwenyewe alipenda kusema ni 1899. Jiwe la kaburi lake linasema 1908. Watafiti waliochimba rekodi za sensa wanaelekea 1912. Kwa hivyo huyu ni msee aliyejiongezea miaka wakati mastaa wengine wote wanajipunguzia. Ukifikiria vizuri, ilikuwa na faida: mkubwa ndiye mwenye story, na mwenye story ndiye mwenye heshima.

Mapema miaka ya 1930 aliacha shamba akaingia barabarani. Hakuwa na gari wala gitaa. Alikuwa na hamonika, kitu cha bei ya chini kinachoingia mfukoni. Alipiga kwa kona za barabara, kwa sherehe za wafanyakazi wa pamba, kwa vilabu vya mbao vya pombe. Wakati huo alijiita Little Boy Blue. Alijua mbinu za kufanya watu wasimame: angeingiza hamonika yote mdomoni na kuipiga bila mikono, au aipige kwa pua. Unacheka, lakini kwa msee wa barabarani, mtu akisimama, sarafu inaanguka.

Kwa hizo safari alitembea na Robert Lockwood Jr. na Elmore James, majina makubwa ya gitaa la blues. Akaishi na dada wa kambo wa Howlin' Wolf, na ndiye aliyemfunza Wolf hamonika. Yaani kabla dunia imjue, walimu na wanafunzi wa blues wa Delta walikuwa tayari wanamjua.

SAA SITA NA ROBO, FUNGULIA REDIO

Novemba 1941, mji wa Helena, Arkansas, kando ya mto Mississippi. Kituo kipya cha redio kinaitwa KFFA. Kampuni moja inauza unga wa ngano wa King Biscuit na inataka wateja weusi. Rice Miller na Lockwood wanapewa kipindi cha kila siku ya kazi saa sita na robo mchana, King Biscuit Time. Wanapiga muziki, wanasifu unga, na wanatangaza watakapopiga show usiku.

Hebu pata picha. Wewe ni kijana umetoka kuvuna pamba tangu alfajiri. Jua limekukalia kichwani. Unaingia kula, mtu anafungulia redio, na kwa mara ya kwanza unaskia watu wako, muziki wako, kwa ile lugha yako. B.B. King alikuwa mmoja wa hao vijana. Muddy Waters naye alikuwa anaskiza.

Kipindi kililipuka. Unga ukauza. Kampuni ikatoa hadi unga wa mahindi wenye jina Sonny Boy, na picha yake kwa gunia. Sasa jiulize: huyu Sonny Boy alitoka wapi, na tulikuwa na Rice Miller?

MWENYE JINA ALIKUWA CHICAGO

Sonny Boy Williamson wa kweli alikuwa John Lee Williamson, kijana wa Jackson, Tennessee, aliyezaliwa 1914. Tangu 1937 alikuwa akirekodi, na Good Morning, School Girl ilimfanya staa. Yeye ndiye aliyetoa hamonika kwa kazi ya kusindikiza gitaa akaifanya iongoze bendi. Makao yake yalikuwa Chicago.

Helena ni mbali na Chicago, na hakukuwa na intaneti ya kumwumbua mtu. Rice Miller akaingia hewani kama Sonny Boy Williamson, na wasikizaji wengi wakadhani ndiye yule wa rekodi. Alipoulizwa, alisema yeye ndiye wa kwanza na huyo mwingine ndiye alimfuata. Na kwa vile alijiongezea miaka, hesabu yake ilikubali!

Sitakupamba hapa. Ilikuwa makosa. Jina ni jasho la mtu, na John Lee alikuwa ametoa jasho lake studio kwa miaka minne kabla ya hicho kipindi. Tarehe 1 Juni 1948, John Lee alivamiwa na majambazi akirudi nyumbani usiku, South Side ya Chicago, akauawa. Alikuwa na miaka 34.

Rice Miller hakuwa amerekodi hata ngoma moja kwa hilo jina mwenyewe akiwa hai. Alianza 1951. Kufikia hapo, hakukuwa na mtu wa kudai.

REKODI ZAINGIA SOKONI

Mwaka huo wa 1948, kijana mmoja mwenye gitaa alimfikia kwa redio nyingine, KWEM ya West Memphis, akaomba nafasi ya kupiga ngoma moja. Sonny Boy akamskiza, akamweka hewani, na akampa na show yake ya usiku akapige badala yake. Huyo kijana ni B.B. King. Huo ndo ulikuwa mlango wake. Kumbuka hilo jina, tutalirudia.

Januari 1951, mama mmoja mzungu wa Jackson, Mississippi, Lillian McMurry, mwenye duka la rekodi na lebo ndogo ya Trumpet, akamweka studio. Ikatoka Eyesight to the Blind. Agosti mwaka huo akamshika Elmore James kwa hamonika kwenye Dust My Broom, rekodi ambayo wapiga gitaa bado wanaisoma kama kitabu.

Trumpet ilipofilisika 1955, mkataba wake ukaishia kwa kampuni ya Chess kule Chicago. Wakamweka kwa lebo yao ya Checker, na ngoma ya kwanza, Don't Start Me to Talkin', ilirekodiwa na Muddy Waters na bendi yake nyuma. Ikaingia tatu bora za chati ya R&B. Mzae aliyelala kwa mabasi sasa alikuwa na hit ya taifa.

SASA TUONGEE HAMONIKA

Hapa ndo nataka unifuate polepole, hata kama hujawahi kushika hamonika. Itakusaidia kuskia vizuri.

Ile hamonika ndogo ya blues ina matundu 10. Ukipuliza unapata noti moja, ukivuta pumzi kwa tundu hilohilo unapata nyingine. Iliundwa kupiga nyimbo za furaha: hamonika ya C ilikusudiwa ipige wimbo wa C, kwa kupuliza sana. Watu weusi wa kusini mwa Marekani wakaigeuza. Wakachukua hamonika ya C wakapiga wimbo wa G, kwa kuvuta sana. Hiyo inaitwa nafasi ya pili. Kwa nini? Kwa sababu noti za kuvuta, ukibadilisha umbo la ulimi na koo, zinapindika. Zinateremka kidogo, zinalia kama mtu.

Skeli ya blues ina noti sita: ya kwanza, ya tatu iliyoshushwa, ya nne, ya tano iliyoshushwa, ya tano kamili, na ya saba iliyoshushwa. Kwa hamonika ya C ukipiga G, zinakaa hivi: vuta tundu la 2, vuta la 3 ukilipinda kidogo, puliza la 4, vuta la 4 ukilipinda, vuta la 4 bila kupinda, vuta la 5, halafu puliza la 6 umerudi nyumbani, juu zaidi.

Kwa blues ya kawaida, kodi za chini (si zile za landlord, ni zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja kwa gitaa au kinanda) ni za meja, zina uchangamfu. Ukipiga ile noti ya tatu juu yake, uko na uhuru. Ishushe kidogo, ishushe sana, iache kamili, yote yataskika kama blues. Gitaa linakusamehe. Ndo maana wanaoanza hupenda kuvuta tundu la 3 ovyo ovyo na bado wanapigiwa makofi.

Kwa blues ya maina (na hapa simaanishi jirani yako) hakuna msamaha. Kodi ya kwanza yenyewe imeshashusha noti ya tatu. Iko pale chini, imekaa, ina huzuni. Sasa wewe ukivuta tundu la 3 bila kupinda, unatoa tatu ya furaha juu ya tatu ya majonzi. Ni kama mtu ameingia matangani akicheka. Kila mtu anageuka.

Na haitoshi kupinda tu. Tundu la 3 linapindika hatua tatu kwenda chini, na wewe unataka ile ya kwanza pekee. Ukizidisha kidogo umepita. Hakuna kibao cha kukuonyesha, ni sikio na koo tu.

Kuna mtego wa pili. Vipimo 12 vya blues havikai kwa kodi moja. Kipimo cha tano unahamia kodi ya nne, nayo kwa maina pia imeshushwa ya tatu yake. Kwa huo mfano wetu, hapo epuka kupuliza tundu la 5 na la 2. Zote zinatoa noti ya meja na zitagombana na kinanda. Habari njema ni kwamba noti za skeli ya blues zenyewe hazigombani na hiyo kodi, isipokuwa ile ya tano iliyoshushwa, ambayo unapita juu yake haraka kama shimo la barabara. Hukai hapo.

Kuna njia nyingine. Little Walter, mkali wa Chicago wa kizazi hicho, alipenda nafasi ya tatu: hamonika ya C, wimbo wa D. Huko noti ya tatu iliyoshushwa unaipata bure kwa kuvuta tundu la 5, bila kupinda. Ni rahisi kwa maina. Hapo wa kuogopa ni tundu la 7 la kuvuta na la 3 lisilopindwa, ukifika kwa kodi ya nne.

HELP ME: ALIVYOCHEZA CHINI YA MAJI

Mwaka wa 1962, bendi ya Booker T. & the M.G.'s ilitoa Green Onions, ngoma isiyo na maneno, kinanda cha organ kikitembea kama mtu anayekufuata gizani. Mwaka uliofuata Sonny Boy akachukua huo mwendo, akaweka maneno na hamonika, ikawa Help Me. Jina lake, la Willie Dixon na la Ralph Bass yapo kama watunzi. Ikaingia chati za R&B mwaka wa 1963.

Alipiga kwa F, na hamonika ya B♭, nafasi ya pili. Yaani alichagua ile njia ngumu, yenye tundu la 3 la kukuaibisha.

Itafute uiskize na earphones, si kwa spika ya matatu. Utagundua jambo la kwanza: hapigi noti mingi. Anaimba mstari, ananyamaza, hamonika inajibu kwa noti tatu nne, inanyamaza. Mikono yake inafungua na kufunga juu ya hamonika mpaka inaskika kama mtu anaita jina lako kutoka chumba kingine. Ile noti ya tatu anaishika chini, mahali pake, bila kuisukuma. Anakaa zaidi kwa noti ya kwanza na ya tano, mahali salama, halafu anateremka kwa ile ya huzuni wakati umeshaanza kuingoja.

Hapo ndo nilimwelewa. Kwa show za kawaida alikuwa mtu wa vituko, hamonika kwa pua, story za kutunga. Lakini kodi ya maina haina nafasi ya vituko. Noti ikiwa ya uongo, inajulikana papo hapo. Na huyu mtu aliyedanganya karibu kila kitu alikuwa, kwa hizo dakika chache, mkweli kuliko wote studio.

Na unakumbuka B.B. King? Mwaka wa 1969 alirekodi The Thrill Is Gone, labda blues ya maina inayojulikana kuliko zote duniani. Mlango aliofunguliwa 1948 na mzae wa hamonika ulifika mbali.

SUTI YA RANGI MBILI

Vuli ya 1963 alienda Ulaya na ziara ya American Folk Blues Festival. Wazungu vijana walimpokea kama mfalme. Akabaki Uingereza. Akajishonea suti ya rangi mbili, akavaa kofia nyeusi ya duara ya mabwana wa London, akabeba mwavuli na mkoba uliojaa hamonika. Luku ilikuwa noma.

Desemba hiyo alipanda steji na vijana wa Yardbirds, gitaa likishikwa na Eric Clapton akiwa na miaka 18, na pia na kundi la Animals kule Newcastle. Hakuwabembeleza. Hao vijana walikuwa wanajua blues kwa rekodi, yeye alikuwa ameiishi, na aliwaonyesha tofauti jukwaani mbele ya watu.

Angeweza kukaa huko. Alirudi Helena, Arkansas, kwa chumba cha kupanga na kwa kile kipindi cha saa sita na robo. Inasemekana alipowaambia watu wa mtaa kuhusu Ulaya na mastaa, wengi walidhani ni uongo mwingine wa Sonny Boy. Hebu ona. Siku aliyosema ukweli, hakuna aliyemwamini.

CHUMBA KIMYA

Mapema 1965, kundi la vijana wapiga muziki lilipitia Helena likamtafuta. Walikuwa Levon Helm, mtoto wa hapo Arkansas aliyekua akiskiza King Biscuit Time, na wenzake, wakiwemo Robbie Robertson. Baadaye dunia iliwajua kama The Band. Walipiga naye, wakapanga kufanya kazi pamoja. Robertson alisimulia kwamba mzae alikuwa akitema mate kwa kopo mara kwa mara, na walidhani ni tumbaku. Walipoangalia, ilikuwa damu.

Tarehe 25 Mei 1965, saa sita na robo ilikaribia KFFA na Sonny Boy hakutokea. Mpiga ngoma wake wa miaka mingi, Peck Curtis, akaenda kumwangalia chumbani. Alimkuta kitandani, amelala, hapumui. Moyo ulisimama usingizini.

Walimzika nje ya Tutwiler, Mississippi, karibu na alikozaliwa, kando ya barabara inayoitwa New Africa Road. Miaka kadhaa kaburi halikuwa na jiwe. Aliyeliweka ni Lillian McMurry, yule mama wa Trumpet. Jiwe lina tarehe ya kifo isiyo sahihi, na mwaka wa kuzaliwa unabishaniwa mpaka leo. Hata kaburini, msee hakukubali kushikwa na tarehe.

Mashabiki wanaopita hapo huacha hamonika juu ya jiwe. Zinaota kutu kwa mvua, wengine wanaleta mpya.

Kwa hivyo John Lee Williamson tumkumbuke, jina lilikuwa lake. Lakini usiku wa leo, ukipata hamonika ya C, hata ya bei rahisi, vuta tundu la 3. Ipinde kidogo tu, usizidishe. Ukiskia inalia badala ya kucheka, umeipata.